Kabla Tela Halijaondoka

Kwanza liguse, Nkwabi.
Usilitazame tu. Liguse kwa mgongo wa mkono,
kama unavyompima mtoto homa.
Jiko huweza kulala na kaa tumboni usiku kucha
likanyamaza.
Mwaka ule wa mvua za mapema
tulilipakia alfajiri, tunayakimbia mawingu,
na hata Ipole hatujafika
godoro la Shija likaanza kufuka kama mzinga unaorinwa.
Tulicheka huku tukilizima kwa maji ya kunywa.
Kisha tukashinda na kiu hadi jua kuzama,
na aliyekuwa akicheka sana ndiye aliyelia.

Jivu usilimwage chini ya mtundu wenye mzinga.
Chimba mbali, fukia, mwagia maji, kanyaga.
Msitu wa watu ule, na mwezi wa nane
nyasi zinasubiri kisingizio.

Wavu sugua kwa gunzi, basi.
Usiusugue ukang'aa; ung'ae uende harusi ya nani?
Halafu upake mafuta
kwa kile kitambaa cheusi kilicho ndani ya kopo.
Najua kinanuka. Ndiyo kazi yake.

Jana uliniuliza mguu wa nne uko wapi.
Fundi Kapongo wa Ng'ambo alilikata jiko hili
kwenye pipa la dizeli la chama cha tumbaku,
akalichomelea miguu minne, naapa, nilikuwepo,
nilimshikia bati jua lisimpige machoni.
Mguu mmoja uko kwenye mchanga, mbele ya daraja la Koga,
chini ya tairi la tela lililokuwa limezama hadi ekseli.
Tuliung'oa tukausokomeza,
trekta likavuta,
sisi tukatoka, wenyewe ukabaki.
Kwa hiyo usimruhusu mtu aliite bovu mbele yako.
Pale pa mguu wa nne weka jiwe.
Na jiwe usilipakie, kama Shija,
aliyelibeba misimu miwili, kwenda na kurudi.
Kila kambi ina jiwe lake.

Mahali pake ni nyuma, nje ya ubao,
kifudifudi, miguu juu.
Lifunge kwa mpira wa tyubu, mizunguko mitatu.
Kamba ya katani usiiamini:
barabara ile huitafuna taratibu
ukija kugeuka, jiko limeshuka njiani
na hakuna aliyelisikia.
Likigongagonga, libane kwa gunia la michembe.
Michembe haioni haya kunuka moshi.

Ila ndoo za asali, mbali nalo. Mbali kabisa.
Asali ina pua, mwanangu.
Mnunuzi wa pale mjini alichovya kidole,
akalamba, akafumba macho, akaniambia,
"Mama Nyamizi, hii asali imekula mishikaki."
Ndoo kumi na mbili.
Tuliila wenyewe mpaka Pasaka,
na watoto hadi leo huona ya wengine
kama ina upungufu fulani.

Daktari wa Kitete anasema nyonga yangu haitaki tela.
Sikumwuliza tela linasemaje.
Miaka kumi na tisa nimeketi pembeni mwa hilo jiko,
mkono mmoja juu yake kwenye makorongo,
mwingine nikifukuza ndorobo.
Msimu huu ukae wewe.

Siku ya kurudi, vunja sheria moja:
wavu usiusugue.
Niletee na uchafu wake.
Nitalifungua mwenyewe uani, polepole,
nitainama niunuse,
nijue kama lilikuwa sato,
au kuku wa kununua pale Ipole,
au mlikosa kitu mkachoma michembe
mkaja kunidanganya kuwa mmekula nyama.